Grafiti mijini: Faida za kupiga ripoti mapema

GRAFITI, yaani maandishi na michoro inayowekwa kwenye kuta, madaraja na magari bila idhini ya mwenye mali, imewasumbua wasimamizi wa miji mikubwa duniani kwa zaidi ya nusu karne sasa.

Kuna wanaoitazama kama sanaa ya vijana walionyimwa jukwaa, na kuna wanaoiita uharibifu mtupu. Mjadala huo ungali mbichi.

Hata hivyo, miji iliyotumia fedha nyingi kupambana na tatizo hili ilijifunza jambo moja kwa gharama kubwa. Ua wa seng'enge, mbwa wakali na vitisho vya jela pekee havimzuii mwenye kopo la rangi. Kinachomvunja moyo ni kuona maandishi yake yakifutwa kabla hayajaonwa na wengi.

Na hakuna maandishi yanayoweza kufutwa mapema iwapo hakuna mtu aliyetoa habari kwamba yapo. Ndiyo sababu kupiga ripoti, kitendo ambacho wakazi wengi hukidharau kwa kudhani ni kazi ya askari au ya mwenye nyumba, kumekuwa nguzo ya juhudi hizo kutoka Chicago hadi London.

Malipo ya mchoraji ni kuonekana

Desturi ya kuandika ukutani si ngeni. Neno grafiti lenyewe limetoka katika Kiitaliano na asili yake ni kukwaruza. Magofu ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 Baada ya Kristo, yana maelfu ya maandishi ya ukutani: kampeni za uchaguzi, salamu za wapenzi na matusi.

Hata pwani ya Kenya ina mfano wake. Katika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mjini Mombasa mwaka 1593, kumehifadhiwa michoro ya meli na watu ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani.

Grafiti ya mijini kama ijulikanavyo leo, hata hivyo, ilichipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mjini Philadelphia, kijana aliyejiita Cornbread alijipatia sifa kwa kuandika jina hilo kila pembe ya mji.

Mnamo Julai 1971, gazeti la The New York Times lilichapisha habari kuhusu kijana mwingine aliyekuwa akiandika TAKI 183 kote alikopita. Kijana huyo alifanya kazi ya utarishi iliyomzungusha katika mitaa mingi ya New York, na nambari 183 ilitokana na barabara ya nyumbani kwao.

Vijana wengine waliposoma kwamba mwenzao ametiwa gazetini kwa sababu ya kalamu ya wino tu, waliingia mitaani na kalamu zao. Muda si muda kuta za jiji zikajaa majina ya utani yaliyofungamanishwa na nambari za mitaa.

Kisa hicho kinafichua kiini cha jambo lenyewe. Mwandishi wa grafiti aghalabu hatafuti fedha. Malipo yake ni jina lake kupita mbele ya macho ya maelfu ya watu, hasa vijana wenzake wanaoweza kulisoma. Kadiri jina linavyokaa ukutani ndivyo malipo yanavyoongezeka. Likifutwa asubuhi inayofuata, kazi ya usiku mzima huwa bure.

Funzo la treni za New York

Kwa vijana wa New York, hakukuwa na ukuta uliozidi ubavu wa treni ya chini ya ardhi, kwa kuwa ukuta huo ulitembea. Jina lililoandikwa usiku Bronx lilisomwa Brooklyn mchana.

Meya John Lindsay alitangaza vita dhidi ya grafiti mwaka 1972, na sheria zikakazwa. Maandishi hayakupungua. Mapema miaka ya 1980, wakati wa Meya Ed Koch, treni kadhaa zilipakwa rangi nyeupe na kulazwa katika yadi ya Corona, iliyozungushiwa ua wa seng'enge na kulindwa kwa mbwa. Ulinzi wa aina hiyo ulikuwa ghali, ilhali jiji lilikuwa na mabehewa yapatayo 6,000 yaliyolazwa katika yadi nyingi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984 David Gunn alipoteuliwa kuongoza shirika la uchukuzi wa treni na mabasi jijini humo. Kanuni aliyoiweka ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: behewa likishasafishwa, lisionekane tena kwenye reli likiwa na maandishi. Likichafuliwa, liondolewe kazini hadi lisafishwe.

Gunn alisimulia baadaye kuhusu vijana waliokuwa wakijipenyeza katika yadi moja ya Harlem. Usiku wa kwanza walipaka behewa rangi nyeupe na kuacha ikauke, usiku wa pili wakachora mistari ya mchoro wao, na usiku wa tatu wakautia rangi. Wafanyakazi waliowajua waliwangoja wamalize, kisha wakaufunika mchoro wote kwa rangi kabla treni haijatoka. Siku tatu za jasho zikapotea bila abiria yeyote kuona kitu.

Kazi hiyo iliendeshwa njia moja baada ya nyingine kwa miaka 5. Tarehe 12 Mei 1989, treni ya mwisho iliyokuwa na grafiti iliondolewa kazini.

Hilo halikumaanisha kwamba grafiti iliisha New York. Wachoraji wengi walihamia kwenye kuta na paa za majengo, na wengine wakaanza kukwaruza vioo vya madirisha ya treni, uharibifu ambao hauoshwi kwa sabuni. Hata hivyo, ule ukuta unaotembea ulikuwa umetoka mikononi mwao.

Macho ya wakazi

Treni zilikuwa na faida moja ambayo kuta za mitaani hazina. Zote zilimilikiwa na shirika moja, na kila behewa lilipita mbele ya wafanyakazi wake kila siku. Mtaa wa kawaida una mamia ya wenye mali: mwenye duka, mwenye nyumba aishiye mbali, kanisa, shule, kampuni ya umeme, shirika la reli na jiji lenyewe.

Hakuna meya awezaye kuajiri watu wa kuzunguka kila kichochoro kila asubuhi. Wanaopita hapo kila siku ni wakazi, na wao ndio wanaojua kwamba maandishi haya hayakuwapo jana.

Jiji la Chicago lilikuwa miongoni mwa yaliyolielewa jambo hilo mapema. Mwaka 1992 baraza la jiji lilipiga marufuku uuzaji wa rangi za kupuliza, hatua ambayo wafanyabiashara wa rangi waliipinga kortini hadi mahakama ya rufaa ilipoliunga mkono jiji mwaka 1995. Lakini marufuku ya duka haifuti kilichokwisha kuandikwa.

Kwa hivyo mwaka 1993, chini ya Meya Richard M. Daley, Chicago iliunda kikosi cha wasafishaji kilichoitwa Graffiti Blasters. Malori yake yalibeba mashine za kurusha kwa nguvu maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya sodiamu, unga ule ule ambao waokaji hutumia kuumulia keki. Mchanganyiko huo ulitumika kwenye matofali na mawe, huku kuta zilizokwisha kupakwa rangi zikipakwa upya.

Huduma hiyo haikulipishwa. Mkazi alihitajika tu kueleza grafiti iko wapi.

Mnamo Januari 1999, Chicago ilifungua nambari ya simu 311 kwa huduma zote za jiji zisizo za dharura, kuanzia mashimo barabarani na taa zilizozimika hadi takataka na grafiti. Jiji la Baltimore lilikuwa limetangulia kuitumia nambari hiyo mwaka 1996 ili kuwapunguzia polisi mzigo wa simu zisizo za dharura. New York ilifuata mwaka 2003.

Umuhimu wa mpango huo haukuwa simu yenyewe bali kilichofuata. Mpigaji alipewa nambari ya ombi lake, ombi likatumwa kwa idara inayohusika, na mkazi akaweza kuuliza baadaye lilikofikia. Kabla ya hapo, mlalamishi alizungushwa kutoka afisi moja hadi nyingine mpaka akachoka.

Nchini Uingereza, shirika la mySociety lilianzisha mwaka 2007 huduma ya intaneti iitwayo FixMyStreet. Mkazi huonyesha kwenye ramani mahali penye tatizo, nayo huduma hupeleka ujumbe kwa baraza la eneo hilo. Kwa vile ripoti hubaki wazi kwa umma, jirani akiona jambo limekwisha kuripotiwa hana haja ya kulirudia, na baraza haliwezi kusema halikupata habari.

Sababu za ripoti kusaidia

Faida ya kwanza ni wakati. Rangi mbichi huondoka kwa urahisi kuliko iliyokaa. Kwenye matofali na mawe yenye vitundu vidogo, rangi hupenya ndani, na dawa za kuiyeyusha zikitumiwa vibaya huweza kuisukuma ndani zaidi. Maji yenye nguvu nyingi nayo hubomoa chokaa na saruji baina ya matofali. Ukuta ulioachwa kwa muda mrefu hugharimu zaidi kusafisha, na mara nyingine hauirudii sura yake ya awali.

Faida ya pili inahusu wapita njia. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi, Kees Keizer, Siegwart Lindenberg na Linda Steg, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio waliyoyafanya mitaani.

Katika jaribio moja, waliwaangalia watu waliokuwa wameegesha baiskeli kwenye kichochoro chenye bango la kukataza grafiti. Kila baiskeli ilifungiwa karatasi ya tangazo kwenye usukani, na hapakuwa na pipa la taka karibu. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli waliitupa karatasi hiyo chini. Ukuta uleule ulipochafuliwa kwa grafiti, waliotupa walifika asilimia 69.

Katika jaribio jingine, bahasha iliyoonyesha waziwazi noti ya euro 5 ndani yake iliachwa ikichungulia kutoka kwenye sanduku la barua. Sanduku lilipokuwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliiiba. Lilipokuwa na grafiti, idadi hiyo ilikuwa asilimia 27.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba watu husoma ukuta hata pale wasipoweza kusoma maandishi yake. Ukuta uliochafuliwa na kuachwa huwaambia kwamba hapa kanuni imevunjwa na hakuna aliyejali. Baadhi yao hulegeza kanuni zao wenyewe.

Faida ya tatu ni usalama wa familia zinazoishi nyuma ya kuta hizo. Katika miji kama Chicago na Los Angeles, si grafiti yote inayotokana na vijana wanaotafuta sifa. Magenge huandika majina na alama zao kuonyesha mipaka ya himaya zao, na kufuta jina la genge pinzani kwa mstari ni uchokozi unaoweza kujibiwa kwa bunduki.

Mwenye nyumba aliyeandikiwa alama hiyo yumo mashakani. Akiiacha, nyumba yake inahesabiwa kuwa ya upande mmoja. Akiifuta mwenyewe mchana kweupe, huenda akaulizwa ni nani aliyemtuma. Simu moja kwa jiji humpunguzia hatari hiyo, maana kazi hufanywa na wafanyakazi wa umma ambao husafisha kila mahali, naye hahitaji kuonekana na brashi mkononi.

Hali ni hiyo hiyo kwa maandishi ya chuki yanayopakwa kwenye misikiti, makanisa, masinagogi na makaburi. Kwa jamii inayolengwa, maneno hayo ni tishio. Kila saa yanapoachwa huongeza hofu kwamba mji mzima umeyaridhia.

Faida ya nne ni ushahidi. Jina moja likiripotiwa kwenye kuta 20, kila ripoti ikiwa na picha, mahali na tarehe, mamlaka zinaweza kuonyesha kortini kwamba ni mkono mmoja na kujumlisha hasara yote. Pasipo ripoti, anayekamatwa hushtakiwa kwa ukuta mmoja tu.

Isitoshe, ripoti nyingi zikikusanywa huchora ramani. Wasimamizi huweza kujua ni daraja lipi huchafuliwa kila mara, wapi taa inahitajika, na wapi ukuta upandwe mimea inayotambaa ili usiwe na nafasi ya kuandikwa.

Namna ya kupiga ripoti

Ripoti nzuri ni fupi lakini kamili. Kwanza hutaja mahali kwa usahihi: jina la barabara, jengo lililo karibu na upande wa ukuta. Wasafishaji wengi hupoteza muda wakitafuta maandishi waliyoambiwa yako “karibu na steji”.

Pili, hueleza ukuta umejengwa kwa nini na umeandikwa kwa kitu gani, kwa kuwa rangi kwenye chuma, wino kwenye kioo na makwaruzo kwenye plastiki havisafishwi kwa njia moja. Tatu, hutaja ukubwa na urefu kutoka chini, ili wafanyakazi wajue kama wanahitaji ngazi.

Nne, husema iwapo maneno hayo ni ya matusi, vitisho au chuki. Miji mingi huyapa maandishi ya namna hiyo kipaumbele. Yakiwa ya chuki au vitisho, polisi wajulishwe na picha ipigwe kabla ya kufutwa, kwa sababu anayefuta kwanza na kuripoti baadaye hufuta pia ushahidi.

Mkazi akimkuta mtu akiandika, asimkabili. Apige simu ya dharura akiwa mahali salama, aeleze mavazi yake na upande alikoelekea.

Aidha, picha za grafiti zisitawanywe ovyo kwenye mitandao ya kijamii. Mchoraji aliyetaka kuonwa na watu wa mtaa mmoja hupewa hadhira ya nchi nzima, na ukuta ukisafishwa picha hubaki.

Pale ambapo ripoti hukosea

Mpango wa ripoti una kasoro zake, na miji iliyozipuuza iliaibika.

Kasoro moja ni kutotambua kinachoonekana. Mnamo Mei 2010, wavamizi waliingia katika yadi ya treni nchini Singapore na kupaka michoro behewani. Wafanyakazi walioiona walidhani ni tangazo la biashara, na treni ikaendelea na kazi kabla polisi hawajajulishwa. Raia mmoja wa Uswisi alihukumiwa baadaye kifungo na viboko kwa kosa hilo. Hata katika nchi yenye sheria kali kiasi hicho, sheria ilingoja mtu apige ripoti.

Kasoro ya pili ni kinyume cha hiyo. Mjini Melbourne, Australia, katika kichochoro cha Hosier Lane kinachosifika kwa michoro ya ukutani, wasafishaji wa jiji walifunika kwa rangi mwaka 2010 panya aliyechorwa na msanii maarufu Banksy. Wakuu wa jiji walikiri kwamba mchoro huo haukupaswa kuguswa.

Mjini New York, kuta za jengo la 5Pointz zilikuwa zimechorwa na wasanii kwa ruhusa ya mwenye jengo. Mwaka 2013 mwenye jengo alizipaka chokaa usiku bila kuwapa ilani inayotakiwa kisheria. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii walipwe fidia ya dola milioni 6.7.

Visa hivyo vinakumbusha kwamba swali la kwanza halipaswi kuwa kama mchoro unapendeza, bali kama mwenye ukuta aliuridhia. Ndiyo maana miji mingi hutaka kibali cha mwenye mali kabla ya wasafishaji kugusa jengo la mtu binafsi.

Kasoro ya tatu ni ya haki. Wanaopiga simu zaidi si lazima wawe ndio walioathirika zaidi. Mtaa wa matajiri, ambako watu wana muda na wanaamini kwamba serikali itawasikiliza, huweza kupata huduma kwa doa dogo, huku mtaa wa mabanda uliozoea kupuuzwa ukinyamaza. Ramani ya ripoti ikitumiwa pekee huonyesha walalamishi waliko, wala si lazima ionyeshe tatizo liliko.

Hali kadhalika, grafiti isichukuliwe kuwa mzizi wa uhalifu wote. Mwaka 1982, James Q. Wilson na George Kelling waliandika katika jarida la The Atlantic Monthly kwamba dirisha moja lililovunjika likiachwa bila kurekebishwa, mengine yatavunjwa pia. Wazo hilo liliathiri sana utendaji wa polisi wa Marekani.

Wataalamu wengine walilipinga. Walieleza kwamba uhalifu ulipungua katika miaka ya 1990 hata kwenye miji ambayo haikufuata siasa hiyo, na kwamba msako wa makosa madogo uliwaangukia zaidi vijana maskini na weusi. Ukuta safi ni jambo jema kwa wanaoishi hapo, lakini hauchukui nafasi ya ajira, shule na haki.

Philadelphia, mojawapo ya miji ambako grafiti ya kisasa ilianza, ilijaribu njia ya kati. Mwaka 1984, chini ya Meya Wilson Goode, ilianzisha mpango wa kupambana na grafiti na kumwajiri msanii Jane Golden kufanya kazi na vijana waliokuwa wakiandika ukutani. Badala ya kuishia kufuta tu, vijana walifundishwa kuchora michoro mikubwa iliyokubaliwa na wakazi. Mpango huo umeacha maelfu ya michoro jijini humo.

Funzo kwa Kenya

Nchini Kenya, mstari kati ya sanaa na uharibifu umekuwa ukijadiliwa hasa kupitia matatu. Michoro ya matatu huagizwa na wenye magari wenyewe. Kwa hivyo, ingawa serikali imewahi kuipiga vita kwa sababu za usalama barabarani, si uharibifu wa mali.

Ukuta wa mtu mwingine ni jambo tofauti. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Kenya pia inajua uwezo wa ukuta kuwasha na kuzima moto. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii ajulikanaye kama Solo 7 alizunguka mtaa wa Kibera akiandika kwenye kuta na vibanda maneno ya kuwasihi watu wadumishe amani. Mwaka 2012, kundi la wasanii na wanaharakati, akiwemo mpigapicha Boniface Mwangi, lilichora kuta za Nairobi na kuwasawiri wanasiasa kama ndege walao mizoga.

Maandishi ya namna hiyo hayawezi kuwekwa kapu moja na vitisho vya kikabila au alama ya genge. Afisa anayepokea ripoti anahitaji kanuni zinazomwelekeza kutenganisha haya mawili: ujumbe unaomkosoa mwenye mamlaka, na ujumbe unaomtishia jirani. Asipokuwa nazo, ripoti hugeuka kisingizio cha kunyamazisha watu.

Kwa ujumbe wa chuki, njia ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaharamisha maneno ya kuchochea chuki ya kikabila, yakiwemo yaliyoandikwa na kuonyeshwa hadharani. Mkazi anaweza kufikisha malalamiko kwa polisi au kwa tume ya NCIC iliyoundwa chini ya sheria hiyo.

Kwa grafiti ya kawaida, hatua ya kwanza ni kumjulisha mwenye ukuta, kisha afisi za serikali ya kaunti iwapo ukuta ni wa umma. Vyama vya wakazi, kamati za shule na wenye maduka wanaweza kutunza daftari la ripoti, kopo la rangi inayofanana na ukuta na orodha ya zamu za kupaka. Si lazima pawepo malori kama ya Chicago ndipo kazi ianze.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Miji iliyofanikiwa ilitimiza masharti matatu kwa pamoja: mkazi aliripoti siku ileile, mamlaka ikaja haraka na kumjulisha ilichofanya, na kila maandishi yaliporudi yakafutwa tena. Ripoti isiyojibiwa huwafunza wakazi kunyamaza, na ukuta ambao hakuna anayeutolea habari huendelea kuandikwa.